Somo: Kukagua mikwaruzo ya bamba kwa kamera bila video kuifuta

Wengi wanaoanza kazi ya kukagua nyuso za vitu hutumia nguvu zao zote kuchagua kamera, ilhali mkwaruzo kuonekana au kutoonekana huamuliwa zaidi na mwanga unaouangukia na namna picha inavyosimbwa, yaani kubanwa na kuwekwa kwenye faili, baada ya kunaswa. Tuchukue mfano mmoja hadi mwisho: bamba la alumini lililosuguliwa likang'aa, lenye mkwaruzo wa upana wa milimita 0.1.

Hatua ya kwanza: hesabu. Kamera yenye pikseli 2,000 kwa upana, ikitazama eneo la milimita 100, inaipa kila pikseli milimita 0.05. Mkwaruzo wetu utachukua pikseli mbili tu, na hizo hazitoshi kuutenganisha na chengachenga za kihisi, yaani sehemu ya kamera inayopokea mwanga. Sogeza kamera au badili lenzi hadi eneo liwe milimita 60, nao utachukua pikseli tatu na ushee. Ukiweza kuchagua, tumia kamera ya nyeusi na nyeupe, kwa sababu katika kamera nyingi za rangi kihisi kimefunikwa na mpangilio wa vichujio uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak na kupewa hataza mwaka 1976: nusu ya pikseli hupokea kijani, robo nyekundu na robo bluu, na rangi zinazokosekana hukadiriwa kutoka pikseli za jirani. Makadirio hayo hayaidhuru picha ya sura ya mtu, lakini mstari wa pikseli tatu huuvuruga.

Hatua ya pili: mwanga. Weka kamera wima juu ya bamba, kisha shusha taa hadi mwanga uje kwa pembe ya nyuzi 10 hadi 20 kutoka usawa wa bamba. Uso laini utaurusha mwanga upande wa pili, mbali na lenzi, na bamba litaonekana jeusi. Kingo za mkwaruzo zitautawanya kila upande, na sehemu yake itaingia kwenye lenzi. Utauona mstari mweupe mahali ambapo, taa ilipokuwa juu, hapakuonekana kitu. Sasa zungusha bamba robo duara: mstari unafifia, pengine unatoweka kabisa, kwa kuwa mkwaruzo umelala sambamba na mwelekeo wa mwanga. Kwa hiyo tumia taa ya duara iliyoshushwa karibu na bamba, au piga picha mbili huku ukihamisha taa robo duara.

Hatua ya tatu. Zima marekebisho yote ya kiotomatiki, kwani kamera ikikutana na giza hujaribu kuling'arisha na kuzidisha chengachenga.

Hatua ya nne: usimbaji. Video ghafi ya pikseli 1920 kwa 1080, kwa baiti tatu kila pikseli na fremu 30 kwa sekunde, ni baiti karibu milioni 187 kila sekunde, hivyo mara nyingi hatuna budi kuibana. Mfumo wa H.264, uliotolewa mwaka 2003, hukisia kila kipande cha fremu kutokana na vipande vya jirani au vya fremu nyingine, hubaki na tofauti tu, kisha huigeuza tofauti hiyo kuwa mawimbi kwa hesabu ya jamii ya ile iliyochapishwa na Nasir Ahmed, T. Natarajan na K. R. Rao mwaka 1974. Hasara huja baadaye, pale thamani za mawimbi zinapokadiriwa na zile ndogo kuwa sifuri. Mkwaruzo mwembamba wenye mwanga hafifu huishi katika thamani hizo hizo ndogo, ambazo mtazamaji wa kawaida hatambui zikiondolewa lakini mkaguzi anazihitaji. Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu hununua lenzi ghali ilhali tatizo liko kwenye faili.

Namba inayotawala ukadiriaji huo huanzia 0 hadi 51, na kila inapopanda kwa 6 ukali wa ukadiriaji huongezeka maradufu. Kutoka 18 hadi 30, basi, umeongezeka mara nne. Hifadhi fremu moja ghafi, anza na namba ndogo, panda taratibu ukilinganisha mahali palepale pa bamba, na mstari ukianza kukatika rudi nyuma. Picha za ushahidi wa kudumu zihifadhiwe kwa FFV1, mfumo wa kubana usiopoteza chochote.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikihamia H.265 kwa ukubwa uleule wa faili, mkwaruzo utabaki?*

Nafuu ipo, ndugu yangu, kwani mfumo huo wa mwaka 2013 ulilenga kutoa ubora uleule kwa takriban nusu ya ukubwa. Hata hivyo ubora huo ni wa machoni pa mtazamaji, na mfumo una vichujio vya kulainisha ndani yake. Rudia jaribio la hatua ya nne, usitegemee jina.

*Na kitu kikiwa kimepinda? Kwangu sehemu moja hung'aa kila nigeuzapo taa.*

Ni lazima ing'ae, maana mahali fulani kwenye mpindo patauelekeza mwanga kwenye lenzi. Weka mbele ya kitu skrini yenye mistari myeusi na myeupe, upige picha ya taswira ya mistari hiyo juu ya uso wake. Palipo na bonde dogo, mistari hupinda ghafla.

*Shikamoo mwalimu. Nina kioo bapa, na kasoro zake ni za chini ya mikroni moja.*

Marahaba. Hapo kipimo ni mwingiliano wa mwanga. Laza juu yake kioo bapa cha rejea na umulike kwa taa ya sodiamu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 589. Mwanga unaorudi kutoka nyuso mbili zinazotazamana hukutana na kuchora mistari myeusi na yenye mwanga. Kutoka mstari mmoja mweusi hadi unaofuata, mwanya kati ya vioo hubadilika kwa nusu ya urefu huo, yaani takriban nanomita 295; mstari ukipinda kwa robo ya nafasi hiyo, kasoro ni ya nanomita 74 hivi. Safisha vioo vyote viwili kwanza, kwa kuwa punje moja ya vumbi huviinua na kubadili mistari yote.