Kubandika tipsi kwenye kucha zilizotafunwa hadi nyamani

Mteja mwenye kucha fupi mno akirudi siku ya tatu na tipsi mbili (ncha za plastiki za kurefusha kucha) zilizobanduka mkononi, lawama huangukia gundi. Mara nyingi gundi haina kosa. Tipsi ilibandikwa mahali pasipo na ukucha wa kuibeba, kisha ikaachwa ndefu kana kwamba ukucha upo. Kazi hii huamuliwa na mambo mawili: umekata kitako cha tipsi kiasi gani, na umefanyaje na ile nyama iliyovimba mbele ya ukucha.

Kitako ni ile sehemu nyembamba ya nyuma inayolalia ukucha. Ukucha uliotafunwa huenda una urefu wa milimita 6 au 7 tu. Kitako kizima kikifunika 5, akriliki au jeli unayojengea juu yake haipati ukucha wa kushika. Inashika plastiki, na plastiki yenyewe imeshikwa na gundi peke yake. Chukua mkasi mdogo uliopinda, ukate kitako kwa umbo la mwezi mwandamo hadi kibaki kiukanda cha milimita 2 hadi 3, kisha ulainishe ulipokata kwa tupa. Zipo tipsi zinazouzwa zikiwa na kitako nusu, na nyingine hazina kabisa. Kwa kucha za namna hii zinakupunguzia kazi. Vyovyote vile, tipsi isivuke nusu ya ukucha.

Kwenye maduka ya vipodozi ya Dubois Road na River Road, Nairobi, tipsi huuzwa kwa pakiti za 100 au 500, kwa kawaida saizi 10, kuanzia 0 iliyo pana zaidi hadi 9. Iliyo sawa hugusa kingo zote mbili za ukucha bila kubonyezwa. Ukilazimika kuibonyeza ili ienee, ni ndogo: itajaribu kurudi kwenye umbo lake kila saa na hatimaye itachomoka. Ukiwa kati ya saizi mbili, chukua kubwa na uipunguze pembeni.

Kabla ya kuendelea, kagua vidole. Ukiona damu, usaha, au ngozi nyekundu inayouma pembeni mwa ukucha, mwambie mteja arudi ikishapona. Wanaotafuna kucha huwa na majeraha haya mara kwa mara, na ukiyafunika unafungia vijidudu ndani.

Matayarisho yawe makavu. Usiloweke vidole kwenye maji ya uvuguvugu kama unavyofanya kwa manikyua. Ukucha hunywa maji ukatanuka, na ukikauka husinyaa chini ya tipsi na kuiachia. Sukuma ngozi ya msingi wa ukucha kwa kijiti, kwangua ule utando mwembamba uliobaki juu ya ukucha, kisha toa mng'ao kwa tupa namba 180 (namba ikiwa ndogo, tupa ni kali zaidi). Toa mng'ao tu. Kucha hizi tayari ni nyembamba, na tupa namba 80 au mashine yenye kichwa kikali itafika kwenye nyama kabla hujagundua. Futa vumbi, pangusa kwa spiriti au dawa ya kukausha ukucha, na toka hapo usiuguse kwa kidole chako.

Sasa ile nyama. Mtu aliyetafuna kucha kwa miaka mingi, ncha ya kidole chake huvimba mbele na kuwa juu kuliko ukucha. Ukilaza tipsi hapo, inakaa juu ya nyama, na kila anapobonyeza simu nyama inaisukuma kutoka chini. Uvimbe ukiwa mdogo, ivute nyama chini kwa kidole gumba chako wakati wa kubandika, na uelekeze ncha ya tipsi chini kidogo. Ukiwa mkubwa, hiyo haitoshi. Jenga kwanza ukingo bandia. Chukua fomu ya karatasi (kibandiko kinachowekwa chini ya ncha ya ukucha kama kalibu), kata mdomo wake ufuate mviringo wa nyama ya kidole hicho (mdomo wa kiwandani hautaingia kwa sababu hakuna ukingo wa kuuingiza chini yake), kisha weka jeli nzito au akriliki itokeze milimita 1 hadi 2. Ikishakauka, ondoa fomu, piga tupa, na tipsi itakuwa imepata pa kusimama. Usirahisishe kwa kupaka moja kwa moja juu ya nyama. Kemikali hizi zikigusa ngozi zikiwa mbichi mara kwa mara huleta mzio, na mtu akishaupata, unaweza kumfuata maisha yake yote.

Gundi iwe ya kucha, tone dogo kama punje ya mtama ndani ya kitako. Shika tipsi ikiwa imeinama kama digrii 45, gusisha ukingo wake kwenye ukucha, uilaze polepole ili hewa itoke kwa nyuma. Bonyeza sekunde 5 hadi 10 bila kutikisa. Ukiona doa jeupe chini yake, hewa imebaki. Ing'oe kabla haijashika na uanze upya, maana hapo ndipo maji yatakapoingia. Gundi ikimwagika kwenye ngozi, usiipanguse kwa pamba. Gundi ya aina hii ikikutana na pamba hupata joto la ghafla linaloweza kuunguza.

Kata kwa kikata tipsi. Mkasi wa kawaida huacha nyufa nyeupe. Hapa wateja hubishana, lakini shikilia msimamo: sehemu inayotokeza isizidi urefu wa ukucha wenyewe, na kwa kucha zilizotafunwa kabisa nusu ya hapo ndiyo salama. Ikizidi, kila inapogongwa inaung'oa ukucha kutoka mbele, na maumivu yake si madogo.

Futa mstari wa maungio kwa tupa namba 180 ukiilaza sambamba na tipsi. Ukiinamisha unachimba mfereji kwenye ukucha wa mteja. Kisha paka praima (dawa inayosaidia akriliki au jeli kushika) kwenye ukucha tu, kiasi kidogo, na ufunike kwa akriliki au jeli ya kujengea. Mnene wake uwe juu ya maungio, na wembamba uanze ukikaribia ngozi, ukiacha nafasi ya kama milimita 1. Kwa jeli, paka tabaka nyembamba na uzipitishe kwenye taa ya kukaushia jeli kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kucha nyembamba husikia joto haraka. Mteja akishtuka, atoe mkono sekunde chache kisha aurudishe. Vidole gumba viingie peke yake, kwa sababu vikiwa pamoja na vingine hulala upande na mwanga hauvifikii sawasawa. Na stima za Nairobi unazijua: kuwa na taa ya kuchaji pembeni.

Mwezi wa Julai, akriliki hukawia kushika kwa ajili ya baridi, nayo gundi pia. Mteja apashe mikono joto kwanza. Usitibu ubaridi kwa kuongeza unga wa akriliki, maana mchanganyiko mkavu hauingii kwenye ukucha. Kuhusu maji ya akriliki (yale yanayochanganywa na unga huo), usinunue chupa isiyo na lebo, hata kama muuzaji wa eksibisheni anakuapia. Tafuta iliyoandikwa EMA (ethyl methacrylate). Ile ya MMA (methyl methacrylate) ina harufu kali sana, asetoni haiiyeyushi kwa urahisi, na ni ngumu kiasi kwamba ikigongwa ukucha wa asili hupasuka kabla yake. Kwenye vibanda vyembamba vya mjini, fungua mlango na uvae barakoa unapopiga tupa.

Tipsi za jeli zinazofunika ukucha mzima ni nzuri kwa kucha fupi zilizo bapa. Kwa mwenye nyama iliyovimba usizitumie kabla hujajenga ukingo. Zitainuka mbele hata zikishikwa na jeli bora.

Mteja avae glavu za mpira anapofua na kuosha vyombo, na asifungue soda ya mkebe kwa ncha ya ukucha. Kingo ziache laini kabisa, kwani meno ya mtu aliyezoea kutafuna hutafuta mahali palipokwaruza. Arudi baada ya wiki 2 hadi 3. Ukucha hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, na ukikua unapata nafasi ya kushika zaidi.

Ukucha wa bandia ukiinuka upande mmoja, usidondoshee gundi juu yake. Maji yameshaingia, na hapo ndipo rangi ya kijani huanzia. Ondoa yote: punguza juu kwa tupa, funga pamba yenye asetoni kwa karatasi ya foili dakika 15 hadi 20, mbali na moto, kisha sukuma kwa kijiti. Ikigoma, funga tena dakika 5. Usibandue kwa nguvu.