Jinsi ya kuona jani la mhindi linavyoweka na kuhamisha kaboni

Walimu wa sayansi wa Pemba na Unguja, hii mnaweza kuifanya skuli. Kata kipande cha jani la mhindi lililopigwa na jua kutwa, saa 11 jioni, kichemshe dakika moja hivi, kisha kitie kwenye spiriti ndani ya gilasi, gilasi uiweke kwenye maji ya moto ULIYOKWISHA epua, maana spiriti na moto ni hatari jamani, usicheze. Kikishapauka suuza, dondoshea iodini (dawa inayogeuza wanga kuwa mweusi).

Tizama kwa lenzi: weusi unafuata mishipa, mistari mistari. Ndo hapo wanga ulipo! Seli za kati ya mshipa na mshipa zinanasa hewa ya kaboni zinaigeuza asidi yenye atomi 4 za kaboni, zinaipitisha kwa seli zilizozunguka mshipa, huko ndo inatengenezwa sukari na ziada inakaa kama wanga. Mpunga hauna mpango huu, kwake kaboni inaanza na kampaundi yenye atomi 3 za kaboni.

Alfajiri kabla jua halijatoka kata jani jengine la mmea uleule, rudia. Weusi utakuwa umepungua sana, kwa sababu usiku wanga unavunjwa unakuwa sukari, inaingia floemu (mirija inayosafirisha chakula cha mmea) na kwenda kwenye mizizi na bunzi.