Kuandaa bustani ya mboga ya kipupwe huku nyanda za baridi

Huku kwetu Njombe mvua hukatika mwezi wa Mei, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi hubana kiasi kwamba asubuhi nyingine jalidi huonekana juu ya majani mabondeni. Wengi huanza bustani ya nyumbani baada ya kuvuna mahindi, wakati baridi imekwisha kuingia, na ndiyo sababu kabichi zao hudumaa. Mche uliokwisha kushika mizizi kabla ya Juni huendelea kukua polepole na kukulisha msimu mzima, kwa hiyo kazi ianze Machi.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mahali, nami naihesabu kuwa kubwa kuliko zote. Usiku usio na mawingu wala upepo hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka mlimani na kutuama bondeni kama maji. Vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vina unyevu mzuri, lakini ndivyo vinavyopigwa na jalidi kwanza. Mwaka wangu wa kwanza maharage niliyopanda huko yaliungua yote kwa usiku mmoja. Weka bustani kwenye mteremko, juu kidogo ya bonde, mahali panapopata jua la asubuhi.

Hatua ya pili, katikati ya Machi, sia kabichi na sukuma wiki kitaluni. Miche huwa tayari baada ya wiki 4 hadi 6, ikiwa na majani manne au matano. Karoti husiwa moja kwa moja tutani, mbegu zikiwa zimechanganywa na mchanga ili zisibanane, na baadaye hupunguziwa hadi ibaki nafasi ya sentimita 5 kati ya mche na mche. Nyanya, pilipili na maboga ziachie miezi ya joto.

Hatua ya tatu ni tuta. Tuta la mita 1 kwa 5 lichanganye na ndoo mbili au tatu za samadi iliyooza vizuri, kisha hamishia miche jioni, kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45. Ukikuta mche umekatwa shinani, fukua udongo hapo hapo asubuhi, kwani sota, yaani kiwavi aliyeukata, hujificha karibu.

Mvua ikikatika, tandaza nyasi kavu shinani na umwagilie asubuhi. Siku ambayo anga ni jeupe na upepo umetulia, mwagilia pia alasiri, kwa sababu udongo wenye maji hutunza joto la mchana kuliko udongo mkavu. Jioni funika miche michanga kwa shuka kuukuu au viroba vilivyowekwa juu ya fito, na uvifunue jua likichomoza. Kagua pia chini ya majani, maana ukavu huleta vidukari. Wakiwa wachache waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo.

Sukuma wiki ichume majani ya chini, ukiacha matano au sita ya juu. Utaona kwamba ya Julai ni matamu zaidi, kwa kuwa mmea huongeza sukari majanini ili kujikinga na baridi. Karoti ziache ardhini, ung'oe za mlo wa siku hiyo tu.