Kutafuta mbwa German Shepherd pyua wa kukaa na watoto nyumbani

Kwanza wale watoto wa mbwa wanaouzwa barabarani kwenye jam, wewe pita tu. Mpigie mfugaji, mwambie unataka kuja kumuona mama yao, akianza hadithi za "mama yuko shamba" ujue hapo hakuna kitu. Ukifika muangalie huyo mama kabla hujashika mtoto wake yeyote, maana kama ni mwoga au anataka kukurarua na mfugaji wake amesimama pale pale, watoto wake wanaweza kutoka hivyo hivyo na wewe una watoto nyumbani. Angalia na anavyotembea, aina hii ina shida ya nyonga.

Kwa Nairobi ulizia karatasi za East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa pyua, azitoe hapo hapo sio "nitakutumia WhatsApp". Masikio yakiwa yamelala usiogope, yanasimama baadaye, wangu moja lilikaa limelala mpaka miezi 5 majirani wakasema nimeuziwa koko. Chini ya wiki 8 usimchukue, na kadi iwe na chanjo ya parvo (ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa), stika na sahihi ya daktari. Halafu angalia mfuko wako, dume anafika kilo 40 na anakula kweli kweli.