AC sio hewa safi jamani: namna ya kukaa ndani na watu wengi bila kugawana virusi

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe. Ofisi niliyokuwepo zamani tulikuwa watu kumi na wawili chumba kimoja, AC moja ya ukutani (hii tunayoiita split), madirisha hayajafunguliwa toka yawekwe maana bosi alishasema yakifunguliwa umeme unaliwa bure. Jumatatu mwenzetu mmoja akaja na mafua, anakoholea kwenye kiwiko vizuri tu kama tulivyofundishwa, sanitaiza ipo mezani, kufika Ijumaa tumebaki watano. Na bado watu wanasema "mbona humu hewa nzuri". Kilichokuwa kizuri ni ubaridi, hewa yenyewe ni ile ile tuliyoanza kuipumua asubuhi, imezunguka kwenye mapafu ya kila mtu.

Hapa ndipo wengi tunakosea. Split inanyonya hewa ya humo humo ndani, inaipoza, inairudisha. Kile kidude cha nje kazi yake kutoa joto tu, kinaunganishwa na mabomba ya gesi, hakiingizi hewa ya nje hata kidogo. Pangaboi nalo hivyo hivyo, linakoroga hewa iliyopo, kama hamna dirisha wazi linakoroga virusi pia.

Njia rahisi ya kuelewa, chukulia kila mtu humo ndani anavuta sigara. Ukikaa karibu yake unakula moshi mwingi, ukisogea unapungua, lakini chumba kikiwa kimefungwa baada ya lisaa hata aliye kona ya mwisho anaupata. Tukiongea, kukohoa, kuimba, hata kupumua tu tunatoa vitone vidogo sana visivyoanguka chini haraka, vinaelea, na ndani yake korona inasafiri, mafua makali yanasafiri, surua ndo usiseme, virusi vyake vinaweza kubaki hewani mpaka masaa mawili baada ya mgonjwa kuondoka. Kwa hiyo mita moja ya kukaa mbali mbali inasaidia, ila sio ukuta.

Mfano ninaoupenda (kuupenda vibaya) ni wa kwaya moja jimbo la Washington huko Marekani. Tarehe 10 Machi 2020 watu 61 walifanya mazoezi masaa mawili na nusu, hawakukumbatiana, sanitaiza mlangoni. Mmoja alikuwa na dalili za mafua. Waliougua korona 53, waliofariki 2. Na mwezi Januari mwaka huo huo kule Guangzhou, China, familia tatu zilizokaa meza jirani kwenye mgahawa usio na madirisha ziliambukizana watu kumi, AC ilikuwa inapiga kwenye meza zile zile inazungusha hewa, na ya nje ilikuwa karibu haiingii kabisa.

Haya, sasa tufanyeje.

Anza kwa kupima chumba chako, na huhitaji mashine. Washa kijiti kimoja cha udi, chumba kikiwa katika hali mnayokitumia kila siku, yaani kama mnafungaga basi funga. Angalia moshi unaelekea wapi. Ukipanda ukatandaa darini ukakaa, au ukizunguka na AC ukawarudia wenyewe, hapo pumzi zenu nazo zinafanya hivyo hivyo. Ukiona unavutwa kwenda dirishani au mlangoni na kupotea, mko pazuri. Kipimo kingine ni pua, toka nje dakika tano halafu rudi, ukikutana na ile harufu nzito ya watu ujue hewa haibadiliki (ukiwa ndani huisikii, pua inazoea). Wenye hela kidogo wapo wanaotumia kipima kaboni dayoksaidi, kidude cha mezani, nje kinasoma kama 420 hivi, ndani kikikaa chini ya 800 sio mbaya, kikifika 1,200 maana yake takriban pumzi moja katika kila hamsini unazovuta imeshatoka kwa mtu mwingine. Fikiria hiyo ukiwa kwenye tuisheni ya watoto arobaini.

Kisha fungua pande mbili. Dirisha moja likiwa wazi hewa inachungulia tu, haipiti, inatakiwa pa kuingilia na pa kutokea, dirisha na dirisha la upande wa pili, au dirisha na mlango. Haya madirisha yetu ya aluminiamu ya kusukuma yana ubaya wake, linafunguka nusu tu, kwa hiyo ukiwa na mawili fungua yote. Na usidharau dirisha ukadhani ni suluhisho la maskini. Kuna utafiti ulichapishwa 2007 kutoka hospitali nane za Lima, Peru, wakiangalia hatari ya TB (ambayo sio virusi ila inasafiri kwa hewa vile vile), wakakuta vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango hewa yake inabadilika kama mara 28 kwa saa, wakati vile vyenye mashine maalum za kubadilisha hewa ni mara 12. Na walioongoza ni majengo ya zamani, dari ndefu, madirisha makubwa. Wazee waliojenga vile hawakuwa wajinga, sisi ndo tumeshusha dari kwa jipsamu tukaziba na matundu ya juu.

Kama upepo hamna, tumia feni, lakini sio kuielekeza kwa watu. Isogeze dirishani uigeuze uso nje, isukume hewa itoke, halafu fungua mlango au dirisha la mbali ili mpya iingie. Hii ni muhimu zaidi nyumbani ukiwa na mgonjwa. Feni ikae chumbani kwa mgonjwa inatoa nje, ili hewa itoke sebuleni kwenda kwake na sio kinyume. Nyumba ya kupanga yenye korido, dirisha la chumba cha mgonjwa liwe wazi kwa nje na mlango wa koridoni ufungwe, la sivyo unawapulizia wapangaji wenzako. Shangazi yangu anaamini upepo wa dirishani ndo unaleta nimonia, nilibishana naye wiki nzima mwisho nikamfunika mgonjwa blanketi la pili tukaelewana.

AC sisemi mzime, joto la Dar mwezi wa pili nalijua. Acha dirisha moja wazi nusu kiganja na mlango uegeshwe, halafu kila kipindi cha mapumziko fungueni kila kitu dakika kumi. Umeme utaongezeka kidogo, kweli, lakini bosi apige hesabu watu saba wakiwa wamelala nyumbani.

Halafu idadi na muda, hivi vinaenda pamoja. Kuingia dukani dakika tano sio sawa na kikao cha masaa matatu. Kikao kinachoweza kufanyika barazani kifanyike barazani, kwaya mkiwa mnajifunza sauti kaeni chini ya mwembe, maana kuimba kunatoa vitone vingi kuliko kuongea.

Barakoa, fupi tu. Ya kitambaa inazuia kidogo, ile ya bluu ya hospitali ni nzuri kiasi ila inavuja pembeni, inayofanya kazi hasa ni ile ya kuchuja hewa, yenye jina N95 au FFP2, iliyobana uso, mwenye ndevu nyingi haitambana vizuri. Ivae pale ambapo huna mamlaka ya kufungua dirisha, kwa mfano wodini, au kwenye daladala wakati wa mvua. Kwenye daladala kwenyewe fungua dirisha la mbele na la nyuma, hata kidogo, hewa itapita. Juzi konda ananiambia "dada funga hicho kidirisha abiria wanalowa", nikamwambia kaka niache kidole kimoja tu, akacheka akaniacha.

Na mwenye kikohozi cha wiki mbili asikae anakunywa tangawizi, akapime TB, hospitali za serikali ni bure. Watoto wapate chanjo ya surua zote mbili.

Kitu cha mwisho ambacho nilikisahau miaka: wavu wa mbu dirishani. Ukijaa vumbi hewa haipiti hata dirisha likiwa wazi lote. Uvue uufue. Wa kwangu nilipoufua maji yalitoka meusi kama ya kuoshea masufuria ya msibani.