Unawashwa na hujui ni chakula gani? Kabla hujaacha kula kila kitu, anza na daftari

Mwaka juzi mwanangu wa kati alikuwa anajikuna mpaka shuka linapata damu, kwenye viwiko na nyuma ya magoti ngozi imekauka mpaka inachanika, na kila anayeingia nyumbani ana lake, mama mkwe anasema mayai, jirani anasema samaki, shemeji anasema hayo maziwa ya pakti, na mimi nilivyo mwoga nikaondoa vyote. Miezi miwili mtoto anakula wali na mchicha, kilo 2 zimepotea, na kujikuna kuko palepale. Tulivyofika kliniki daktari akaniuliza swali moja tu, "mama, akishakula yai inachukua muda gani mpaka aanze kujikuna?" Nikabaki namwangalia, sina jibu.

Basi anza na hilo la muda. Mzio wa chakula mara nyingi una haraka, dakika chache mpaka kama masaa mawili, mdomo unavimba, mwili unatoka vivimbe kama umelala bila chandarua, mtu anatapika au anakohoa. Akianza kupumua kwa shida au kulegea hapo hakuna cha daftari, ni hospitali muda huohuo, na hicho chakula usikijaribu tena nyumbani. Pumu ya ngozi (ekzema, ule ukavu wa kuwasha kama wa mwanangu) ni kitu kingine kabisa, inakuja inaondoka, na kwa wengi chakula sio chanzo, ni ngozi yenyewe dhaifu haishiki maji. Halafu kuna lile la kunywa maziwa tumbo likajaa gesi ukaharisha, hilo mara nyingi ni sukari ya maziwa imekushinda kusaga, ndo maana mtindi unakukubali.

Na kuna za kusingiziwa. Samaki hasa. Jodari au vibua wakikaa bila barafu, bakteria wanatengeneza kemikali inaitwa histamini kwenye nyama, na histamini ndo ileile ambayo mwili wako unaimwaga ukipata mzio, kwa hiyo ukila uso unapata moto, unawashwa, kichwa kinagonga, na uwakaange uwachemshe haiondoki. Mtu anajitangaza miaka kumi ana aleji ya samaki kumbe siku ile barafu ndo haikuwepo! Kama mliokula sahani moja mmewashwa wote, na wiki iliyopita ulikula samaki yuleyule hukupata kitu, mshuku samaki kwanza. Embe nalo hivyohivyo, vipele kuzunguka mdomo siku moja mbili baadaye mara nyingi ni utomvu wa ganda, undugu wake ni na yale mafuta makali ya ganda la korosho. Lioshe, limenye kwa kisu, acha kuling'ata na ganda lake.

Sasa daftari. Wiki mbili za mwanzo usibadilishe chakula chochote, andika tu. Saa ngapi amekula, nini, na kilichowekwa ndani (usiandike "mchuzi", andika mchuzi una karanga au nazi), ameanza kujikuna saa ngapi, kwa ukali wa 0 mpaka 10, usiku amelalaje. Andika na visivyo chakula, sabuni, jasho, sweta, dawa za maumivu maana aspirini na ibuprofeni zinaweza kutoa vivimbe kwa baadhi ya watu. Ukurasa wangu mmoja ulikuwa hivi: "J4 saa 12 jioni yai zima, saa 3 usiku hakuna kitu. J5 hajala yai, kujikuna 8, tumefua mashuka kwa sabuni mpya ya unga. J'mosi saa 10 kashata ya karanga kwa bibi, saa 10 na dakika 10 mdomo umevimba." Karanga! Katika wazee wote waliokaa kikao nyumbani kwangu hakuna hata mmoja aliyeitaja karanga.

Ukishapata mshukiwa, na awe ni wa yale ya polepole sio ya kuvimba, mwondoe mmoja tu kwa wiki 2 mpaka 4 halafu MRUDISHE. Watu wanaishia kwenye kuondoa, wanapata nafuu kwa sababu msimu wa joto umepita wanasema ni nyanya. Kurudisha ndo kipimo chenyewe. Kikirudi na hali haibadiliki, mwachie huru. Kwa mtoto mdogo au mjamzito fanya hili na daktari, sio peke yako, sababu ukimkalisha mtoto wa pumu ya ngozi mbali na chakula muda mrefu, siku akikirudia anaweza kupata mzio wa ukweli ambao hakuwa nao. Tumbo linajifunza kwa kuonja. London mwaka 2015 timu ya Gideon Lack, daktari wa mzio wa watoto, ilitoa matokeo ya watoto 640 waliokuwa na pumu kali ya ngozi au mzio wa yai, walioanzishiwa karanga wakiwa na miezi 4 hadi 11 wakaendelea mpaka miaka 5, asilimia 3.2 tu ndo walikuwa na mzio wa karanga, waliokatazwa wakawa asilimia 17.2. (Hao walipimwa kwanza, usikimbilie kumlisha wako.) Ngozi iliyochanika inafundisha kinyume, chakula kikipitia hapo mwili unakiona adui, kwa hiyo mafuta ya karanga usimpake mtoto mwenye vidonda hivyo.

Na vile vipimo vya damu vya IgG vinavyokupa orodha ndefu ya vyakula vya kuacha, nililipia kimoja na hela iliniuma. IgG ni aina ya kingamwili kwenye damu, inaonyesha umewahi kula hicho chakula, basi.

Hayo ni ya kujua cha kuacha, sasa upande wa kuulisha utumbo. Bakteria wa utumbo mpana wanakula nyuzinyuzi ambazo wewe umeshindwa kusaga, wanatoa asidi kama butireti inayolisha ukuta wa utumbo na kutuliza kinga ya mwili. Huko Kilimanjaro wanaume 77 walishiriki utafiti uliotoka 2025, wengine waliotoka kwenye chakula cha asili wakawekwa kwenye soseji, mkate mweupe na chipsi wiki mbili tu, na damu ikaonyesha dalili za uvimbe wa ndani zimepanda, waliofanya kinyume zikashuka. Walipima kinga, hawakupima vipele, kwa hiyo mtu asikuuzie hiyo kama dawa ya ngozi.

Mimi nilifanya hivi, sembe nikachanganya na dona nusu kwa nusu, maharage yanalowekwa usiku na maji yanamwagwa, tukaanza na vijiko vitatu kwa siku maana ukianza na bakuli zima gesi itakukimbiza. Kunde, choroko na matembele kwa zamu. Mtindi usio na sukari, na togwa siku za joto. Vidonge vya bakteria sikununua tena, uchambuzi wa 2018 wa Cochrane, watafiti wanaokusanya na kupima tafiti nyingi pamoja, uliona kwa pumu ya ngozi havibadilishi sana. Chunusi ni kesi tofauti kidogo, hapo sukari ina mkono wake, soda na chai ya vijiko vinne na maandazi, punguza kwa wiki 12 ndo uhukumu.

Na hata ukila vizuri vipi ngozi kavu inataka mafuta mazito mara tu baada ya kuoga, kabla maji hayajakauka. Krimu za kuchanganywa zisizo na lebo achana nazo kabisa, nyingi zina steroidi kali, dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi.

Wangu sasa hivi anakula yai kila asubuhi na jodari wa kwenye barafu, sabuni tulibadilisha na sweta la sufi tukaligawa. Karanga bado, hiyo tumepangiwa kujaribia hospitalini mwezi ujao, na daftari tunaenda nalo.