Kabla Hujapeleka Modeli Yako Mbele ya Wanasayansi wa Fani Nyingine

Kama umefundisha modeli ya akili mnemba na umealikwa kuieleza mbele ya watu wa kilimo, tiba, uvuvi au hali ya hewa, soma hapa kwanza. Nayaandika haya kwa sababu kuna shamba la muhogo nililoliona kwa macho yangu, na sitaki na wewe uwe na la kwako.

Yaliyo wazi tuyapitie haraka. Slaidi kumi na mbili zinatosha kwa nusu saa. Nakala iwe kwenye flashi, intaneti ya ukumbini usiitegemee. Onyesho la modeli lirekodi kabisa uende na video. Mpigie simu aliyekualika umuulize nani watakuwepo na wanafanya kazi gani, maana "wanasayansi" haikuambii kitu.

Ule mchoro wa mtandao wa nyuroni, wenye maboksi na mishale, utoe. Sisi tunaupenda, lakini mtaalamu wa wadudu haumsaidii lolote. Mahali pake weka picha tatu: moja ambayo modeli ilipatia, moja iliyokosea, na moja ambayo hata wewe mwenyewe huwezi kuiamulia. Utashangaa mjadala utakavyokuwa mzuri.

Asilimia usiitoe ikiwa peke yake, igeuze iwe vitu vya kuhesabika. Chukua mihogo 1,000 ambayo 100 kati yake ni migonjwa. Modeli inayopatia asilimia 90, kwa migonjwa na kwa mizima, itakamata 90 iliyo migonjwa kweli, halafu itasingizia 90 iliyo mizima. Kila ukisikia "huu unaumwa," nusu ya mara ni uongo. Waambie hivyohivyo. Wakulima na madaktari wanaijua hesabu ya namna hii kuliko sisi, na wasipopewa hesabu hiyo wataidhania modeli kuwa nzuri kuliko ilivyo.

Sema data zako zilitoka wapi: shamba gani, mwezi gani, simu ya aina gani, nani aliyeweka lebo, yaani aliyeamua huu mgonjwa na huu mzima. Ukipiga picha tano za mche mmoja, kisha ukazichanganya na kuzigawa kibahati, picha za mche uleule zitaingia kwenye kufundishia na kwenye kupimia, na modeli itafaulu mtihani ambao majibu yake ilishayaona. Sayash Kapoor na Arvind Narayanan wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walichapisha mwaka 2023 hesabu ya uvujaji wa data wa aina hii: fani 17, makala 294 zilizoathirika. Gawa kwa mashamba, usigawe kwa picha.

Sasa hili la maneno, kaa vizuri.

Sisi wa modeli tunagawa data mafungu matatu: la kufundishia, la validesheni, na la kupimia mwishoni. Validesheni kwetu ni fungu la kurekebishia. Tunalitazama kila baada ya mzunguko wa kufundisha, tunapunguza hiki, tunaongeza kile, mpaka namba ipendeze. Daktari au mtu wa mbegu akilisikia neno hilohilo anaelewa jambo jingine kabisa: kwamba kitu kimepelekwa mahali pengine, kwa watu wengine, kikapimwa upya na kikathibitika.

Slaidi yangu ya nane ilikuwa na neno hilo juu, na chini yake asilimia iliyozidi 90. Modeli ilikuwa inatazama jani la muhogo na kusema lina batobato au michirizi ya kahawia, magonjwa mawili ya muhogo, au ni zima. Wasikilizaji walikuwa watu wa kilimo. Wakapiga makofi, hakuna aliyeuliza kuhusu ile slaidi, nami nikaondoka nikiamini nimeeleweka. Mmoja wao alikuwa na mradi wa kugawa pingili safi, vile vipande vya shina vya kupandia, kwa wakulima, akaniomba modeli. Nikampa siku hiyohiyo, tena kwa furaha.

Wakazunguka nayo kwenye simu kuchagua mashamba ya kukata pingili. Majani yakisomeka ni mazima, shamba linapita.

Michirizi ya kahawia ina tabia ambayo mkulima wa pwani hahitaji kufundishwa. Mti unaweza kusimama vizuri, majani ya kijani, na ukichimba unakuta muhogo umeoza ndani, kahawia na mkavu kama kizibo. Na ugonjwa unasafiri ndani ya pingili yenyewe. Haya si mageni: ugonjwa huu uliandikwa kitaalamu mwaka 1936 kutoka Amani, kwenye milima ya Usambara, hapahapa kwetu. Modeli yangu haikuwahi kuonyeshwa mzizi hata mmoja, na mimi sikuwahi kulisema hilo kwa sauti.

Mavuno yalipofika niliitwa. Mama mwenye shamba alinikaribisha vizuri, akaitikia shikamoo yangu, kisha akang'oa muhogo na kuupasua kwa panga mbele yangu. Akapasua wa pili na wa tatu, akaipanga chini, yote ina madoa. "Mwanangu," akasema, "mbegu hizi si ndizo mlizozipima?" Alikuwa ameacha mbegu yake ya zamani ili apande hizi. Sikuwa na la kumjibu. Nilisimama pale nimeshika kipande cha muhogo mkononi mpaka afisa ugani akanigusa bega.

Yule wa mradi hakumdanganya mtu. Nilipomuuliza alifungua daftari lake la siku ya semina, na pale alikuwa ameandika: imeshathibitishwa. Alilitafsiri neno langu sawasawa, kwa maana ya fani yake. Kosa lilikuwa langu. Kilichoniuma zaidi ni mzee mmoja, mtafiti wa magonjwa ya mimea, aliyeniambia baadaye kwamba siku ile alitaka kuniuliza kama tulifukua, lakini alipoziona grafu zangu akadhani swali lake limepitwa na wakati.

Kwa hiyo, wiki moja kabla ya siku yako, keti na mtu mmoja wa fani unayoiendea. Mpe slaidi zote akueleze kwa maneno yake kila slaidi inasema nini, wewe ukiwa kimya. Andika anapokwenda kombo. Neno "modeli" lenyewe ni mtego: kwa mtu wa hali ya hewa ni milinganyo ya fizikia, kwa mtu wa maabara anaweza kuwa panya. "Upendeleo" kwa mtakwimu ni makadirio yanayovutia upande mmoja, kwa mtu wa sayansi ya jamii ni watu kuonewa. Na ukisema modeli "inajua" au "inaelewa," wapo watakaokuamini neno kwa neno.

Kisha tenga slaidi nzima ya yale ambayo modeli haiwezi, na iweke kabla ya slaidi ya matokeo, watu wangali macho. Wapo waliotutangulia kwa uungwana huu. Amanda Ramcharan na wenzake walichapisha mwaka 2017 modeli ya magonjwa ya muhogo iliyotokana na picha za Tanzania, ikipatia asilimia 93. Mwaka 2019 waliipeleka modeli ya kwenye simu shambani, Tanzania, wakaipima kwa vijani 720 vyenye ugonjwa, wakaandika bila kuficha kwamba hata dalili zikiwa zimejitokeza wazi, alama yake ya F-1, kipimo kinachounganisha inavyokamata migonjwa na inavyosingizia, kwa picha za shambani ilishuka kwa asilimia 32. Makala ya namna hiyo ndiyo ningependa kila mwanafunzi wangu aisome. AlphaFold nayo, modeli ya akili mnemba iliyokisia maumbo ya protini zaidi ya milioni 200, hupaka kila sehemu ya umbo rangi kulingana na inavyojiamini: buluu iliyokolea ni uhakika mkubwa, rangi ya chungwa ni usitegemee. Mwanabiolojia asiyejua lolote kuhusu nyuroni anaitazama na kuelewa aende nayo wapi. Jiulize modeli yako ina rangi ya chungwa wapi.

Ukiombwa modeli siku hiyohiyo, usitoe. Sema utaituma pamoja na ukurasa mmoja unaoeleza ilifundishwa kwa data gani, ilipimwa wapi, na isitumike kwa kazi gani. Uliza anataka kuifanyia nini, na jibu lake liandike. Baada ya mwezi mpigie tena.

Na ukumbini usikimbie baada ya makofi. Kaa mpaka chai iishe. Maswali ya kweli huja na kikombe mkononi, kutoka kwa walioona aibu kuuliza mbele za watu. Watafute wazee na uwaamkie wewe kwanza. Wa maabara pia, wa shambani pia, na yule aliyekaa nyuma akitazama slaidi ya nane muda mrefu bila kuandika kitu, msogelee umuulize anafikiria nini.